Mwezi wa Mkopo na Mwezi wa Mvuvi

Haya niliyasema mbele ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa mjini Busia, upande wa Uganda. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikaacha tu mahali nilipopotea.

Mulembe. Yoga noi. Asalaam aleikum. Na ninyi mliovuka geti asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, karibuni Uganda. Mmetembea hatua chache tu lakini tutawahesabu kuwa wageni. Nitasema Kiswahili kwa sababu humu ndani kuna Wasamia, Wateso, Waganda, Wanubi, na mama mmoja wa kutoka Bunia, Kongo, aliyeniuliza mlangoni kama leo kuna chai. Chai ipo, mama. Inakuja baada yangu, kwa hiyo nitajitahidi.

Wengine wenu mnanifahamu. Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka sita. Nilikuwa na pikipiki, mkoba wa ngozi ya bandia, na siku yangu ya kukusanya marejesho ilikuwa Jumanne. Watoto wa huko vijijini waliniita Jumanne, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunipa jina hilo. Nikisikia mtoto anakimbia mbele ya pikipiki akipiga kelele "Jumanne amekuja!", nilijua nyuma ya nyumba kuna mtu anatafuta pa kujificha.

Leo sitaki kuwaambia kwamba mikopo midogo ni mizuri au mibaya. Maneno hayo mmeyasikia, na walioyasema walikunywa chai yao wakaondoka. Mimi nataka kuzungumza juu ya kalenda.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimkopesha mama mmoja muuza mukene. Hapa kwetu ni mukene, ukivuka geti anaitwa omena, ukifika Mwanza ni dagaa. Samaki ni yuleyule na njaa ni ileile. Tulimpa laki tano kwa wiki 16. Rejesho lilikuwa shilingi 37,500 kila Jumanne saa tatu asubuhi chini ya mwembe, na la kwanza lilimfikia siku saba tu baada ya kupokea pesa. Mama huyo alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara kama saa. Kioo kilikuwa kimepasuka, na ndoano yake ameifunga kwa kamba ya wavu. Wenzake walipima kwa mkebe. Yeye alipima kwa kilo, na wanunuzi kutoka ng'ambo walimfuata kwa sababu ya mizani ile, kwani mkebe una tumbo na mgongo, kila mtu anaujua uongo wake.

Wiki tatu alilipa bila tatizo. Wiki ya nne mwezi ukawa mpevu.

Mimi nilikulia mbali na ziwa, sikujua hiyo ina maana gani. Ninyi mnaotoka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mnajua. Mukene huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi anawasha taa juu ya maji meusi, samaki wanaufuata mwanga, kisha wavu unawazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa taa, na samaki hawana haja na taa ya mtu. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu na kucheza karata, na ule mukene mchache unaopatikana bei yake inapanda hadi mchuuzi mdogo anaishia kuutazama. Hali hiyo inachukua juma zima, pengine na siku kadhaa juu yake. Halafu giza linarudi na kazi inarudi.

Jumanne hiyo mama alikuja na pesa kamili. Nilihesabu, nikaandika kwenye kijitabu chake "amelipa", nikatia sahihi. Akaniambia, "Mwanangu, nimeiuza mizani." Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba jana mvua ilinyesha. Nikamjibu, na jibu hili naliona aibu mpaka leo: "Hongera mama, rekodi yako ni safi."

Alimaliza mkopo bila kuchelewa hata siku moja. Hakukopa tena. Baadaye nilimkuta kwenye mwalo akianika mukene wa mtu mwingine kwa kibarua, anaugeuza juani kwa mikono, na wingu likitokea anakimbia kuukusanya, maana mukene ukinyeshewa unauzwa kuwa chakula cha kuku.

Ofisini, mkopo ule ulihesabiwa kuwa umefaulu. Nataka mlisikie vizuri hilo, hasa ninyi vijana wa mashirika mliokaa kule nyuma na mashati ya pasi. Mtu akisimama mbele yenu akasema wateja wake karibu wote wanalipa kwa wakati, ameeleza afya ya mkopeshaji. Kuhusu mizani hajasema kitu.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Mwezi ni ule wa ukutani, na mwezi ni ule wa angani. Benki inahesabu wa kwanza, mvuvi anahesabu wa pili, na yule mama alikuwa katikati, ana deni linalofuata Jumanne na biashara inayofuata mbalamwezi. Katika wiki 16 mwezi unajaa karibu mara nne. Sisi tulimwekea Jumanne 16 zinazofanana kama matofali, kisha tukashangaa kwa nini hakukua.

Na Jumanne hizo hatukuzibuni sisi. Profesa Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kijijini Jobra, Bangladesh, kwa kuwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake. Kabla yake walikuwa watu wanaofanya kazi kutwa, faida yote inakwenda kwa wafanyabiashara waliowakopesha mtaji. Kazi hiyo ilizaa benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa tuzo ya Nobeli ya amani. Mkopo wa Grameen ya zamani ulilipwa kidogo kidogo kila wiki, kuanzia mara moja, na kulikuwa na busara yake: pesa kidogo haiumi, mkusanyaji anawaona watu wote mahali pamoja, na anayeyumba anaonekana mapema. Mashirika mengi duniani yaliiga. Hapa Uganda FINCA iliingia 1992, BRAC ikaja 2006 kutoka hukohuko Bangladesh, na katikati yake wakazaliwa wengine wengi, wakubwa kwa wadogo. Mahali pengi kalenda ya kila wiki ilikuja pamoja na pesa, kama kamba inavyokuja na mbuzi.

Sasa tusiionee. Iko biashara inayoipenda wiki. Hapa Busia ndipo neno boda boda lilipozaliwa: miaka ya 1960 vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka wakiita "boda, boda!" Kijana wa boda anapata pesa leo na kesho. Anayekaanga chapati na kuzungushia mayai, rolex yetu, anapata pesa kabla ya saa nne asubuhi. Watu hawa ukiwaambia walipe mwishoni mwa mwezi umewatesa, kwa sababu pesa inayolala nyumbani haiamki yote. Kwao wiki ni nzuri, hata siku ni nzuri.

Lakini mama anayefuga kuku wa nyama? Kifaranga anataka wiki sita hivi kabla hujauza hata mmoja. Fundi cherehani anaungoja mwezi wa pili, shule zinapofunguliwa na sare zinatakiwa. Mkulima wa muhogo nisimguse, huyo anangoja mwaka. Ukimdai mtu huyu baada ya siku saba, pesa ya kukulipa ataitoa wapi? Ataitoa kwenye ule ule mkopo. Nimewaona watu wakiweka pembeni sehemu ya mkopo siku ya kwanza, wamefunga kwenye leso, ili waturudishie sisi Jumanne nne za mwanzo. Wanalipa riba kwa pesa ambayo haikuwahi kufanya kazi.

Kuna watafiti waliolijaribu hili huko Kolkata, India, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013. Wakopaji wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili, wengine wakaachwa wapumue miezi miwili. Baada ya miaka kama mitatu, walioachwa wapumue walikuwa na faida kubwa zaidi kwa takriban asilimia 40. Walithubutu kununua mashine na kuongeza bidhaa, badala ya kununua kitu kinachouzwa kesho asubuhi. Hapo mnapiga makofi. Ngojeni nimalize: kundi hilohilo ndilo lililokuwa na watu wengi zaidi walioshindwa kulipa. Mkopeshaji akifika kwenye mstari huo anafunga kitabu, na mimi siwezi kumlaumu moja kwa moja. Faida ile ilikwenda kwa mkopaji na hasara ikaja kwake. Ndiyo maana nikaja kwenu, watu wa sanduku, mnaoweka akiba na kukopeshana wenyewe, kwa sababu kwenu faida na hasara zinakaa ndani ya kufuli moja. Nitarudi hapo.

Kwanza niseme jambo la riba, kwa haraka, maana nimeombwa. Mtu anakupa milioni moja kwa miezi sita, anakwambia riba ni asilimia 3 tu kwa mwezi. Elfu 30 mara sita, laki moja na elfu 80. Unalipa kama 196,667 kila mwezi. Inaonekana rahisi. Lakini mwezi wa sita umebaki na laki moja na sitini na kitu tu ya pesa yake, na bado anakutoza riba ya milioni nzima. Ukipiga hesabu juu ya deni linalobaki kweli, asilimia 3 hiyo ni karibu 5. Kisha kuna fomu, bima, picha mbili, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambayo nayo ina chai yake. Zikifika elfu 50, umeondoka na 950,000 lakini unalipa kama uliyepewa milioni, na riba yako imefika asilimia 6 na nusu kwa mwezi. Hakuna aliyekudanganya neno hata moja. Kwa hiyo usiulize "riba ni asilimia ngapi?" Uliza: "Naondoka hapa na shilingi ngapi mkononi, na nitakuwa nimewarudishia shilingi ngapi jumla, na tarehe zipi?" Aandike kwenye karatasi. Na kwa wale wanaokwenda kwa wakopeshaji binafsi, hao wako chini ya sheria ya mwaka 2016, na mwaka 2024 serikali iliwawekea kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Anayekutajia 10 ameshavuka mstari. Kitambulisho chako cha taifa usimwachie mtu kama rehani. Mzee wa msikitini aliyeniuliza kuhusu riba yenyewe: sheria ya benki ilibadilishwa 2016 ikaruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ilipata leseni 2023. Tuzungumze pembeni, mzee, nikiingia huko hatutoki.

Turudi kwenye sanduku. Sanduku hili la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu na sanduku lenyewe kwa wa nne, halikutoka benki yoyote. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, na leo uko karibu kila kijiji cha nchi hii. Watu 15 hadi 30, hisa moja mpaka tano kila mkutano, muhuri kwenye kijitabu, mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa, mgao mwisho wa mwaka. Riba yenu mara nyingi ni kubwa kuliko ya benki, sitaficha, lakini inarudi kwenu siku ya mgao.

Nikifika kwenye vikundi naona mmeinakili Jumanne yangu. Mmetoka kwa mwenye benki mkamkimbia, halafu mmeichukua kalenda yake mkaifungia ndani ya sanduku lenu. Mtu akikopa, wote miezi mitatu, wote marejesho sawa. Kwa nini? Ninyi mnafahamiana. Mnajua nani anauza nyanya na nani anasubiri vifaranga. Afisa mikopo hakujua, nami sikujua habari za mbalamwezi. Ninyi hamna kisingizio hicho.

Kikundi kimoja huko ziwani ninachokisaidia kimebadilisha swali. Mwanachama akisimama kuomba, hawamuulizi kwanza anataka kiasi gani. Mweka hazina anamuuliza, "Pesa yako inarudi lini?" Akisema anauza mukene, marejesho yake yanawekwa kwenye wiki za giza, na juma la mwezi mpevu analipa riba peke yake. Mwenye kuku halipi deni lenyewe mpaka wiki ya saba. Wa chapati analipa kila mkutano. Kazi ya mwandishi imeongezeka, analalamika kila nikienda, na ni haki yake. Wamepata pia wajanja. Muuza mkaa mmoja alidai na yeye biashara yake inategemea mwezi. Walimcheka mpaka akalipa. Sasa kule benki, nani angemcheka?

Na tarehe ya mgao je? Vikundi vingi mnavunja sanduku Desemba. Krismasi inaliwa, Januari inakuta kijitabu kitupu, na mwanzoni mwa Februari shule zinafunguliwa. Ndipo mnapokuja kwangu, au mnapobonyeza simu kuomba mkopo wa siku 30. Sogezeni mgao hadi wiki ya mwisho ya Januari. Kuna mama hapa mbele anatikisa kichwa. Mama, mbuzi wa Krismasi utamnunua kwa pesa nyingine, watoto wako hawatakuchukia.

Pesa za serikali zina kalenda pia. Wazee mnakumbuka Entandikwa, mikopo ya serikali ya miaka ya 1990, jinsi wengi walivyoipokea kama asante ya kura, na asante hairudishwi. Sasa tuna PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022: shilingi milioni 100 kwa kila parishi, yaani muluka, na mwanachama anakopa milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Bei hiyo ni nadra kuipata. Lakini ukiandika fomu kwamba utalima mahindi, pesa ikakufikia Juni, mvua ya kwanza imekwisha kuondoka. Nimeona watu wanapanda hivyohivyo kwa kuogopa fomu. Mwone mwenye kushughulika na mpango wenu, umwambie unangoja msimu wa pili, na aandike hivyo. Ni aibu ya siku moja.

Jambo la mwisho ni mahali pesa inapolala usiku wa kwanza. Mtafiti Emma Riley aliwafuatilia akina mama wapatao 3,000 waliokopa BRAC hapa Uganda. Wengine walipewa mkopo taslimu kama kawaida, wengine ukawekwa kwenye akaunti ya simu ya mama mwenyewe, kwa ajili ya biashara tu. Baada ya miezi minane, wale wa simu walikuwa na faida zaidi kwa asilimia 15 na mtaji zaidi kwa asilimia 11. Mkopo uleule, riba ileile. Tofauti ni kwamba noti zikiingia nyumbani kila mtu anaziona: mume ana shida yake, shemeji ana msiba wake, na mama huna uso wa kusema hapana ilhali mkoba umevimba. Akina baba, msinune. Hata mimi mke wangu hanionyeshi salio, na duka lake linasimama.

Yule mama wa mukene nilimtafuta mwaka jana. Hayupo hapa leo, ana vibarua. Mizani ile aliyeinunua bado anaitumia, iko soko la huku chini, kioo kimepasuka vilevile. Nimeulizia bei.

Nimekuja na kalenda, moja kwa kila kikundi. Siku za mwezi mpevu nimezizungushia kalamu ya buluu, za kufungua shule nyekundu. Mvua na vifaranga wekeni wenyewe, mnavijua kuliko mimi. Ibandikeni ndani ya kifuniko cha sanduku, upande wa chini, ili kila mnapofungua muione kabla ya pesa. Waweka hazina waanze kupita hapa mbele. Mama wa Bunia, chai hiyo inaingia.